Chungu cha Bibi Kabula Kilivyooshwa

Wanangu, chungu cha uji mchachu hakioshwi. Nimeanza na hilo ili hata yule anayesoma huku maji yanachemka jikoni aondoke na kitu. Hakioshwi kwa sabuni, hakioshwi kwa majivu, hakisuuzwi hata na mvua. Jioni unakoroga unga wa mtama kwa maji ya uvuguvugu, unamimina juu ya masalia ya jana, unafunika. Asubuhi unachota, unaacha kidogo chini, na hicho kidogo ndicho tunachokiita mbegu. Ulichochota unakimimina kwenye maji yanayotokota huku unakoroga, mpaka uji uive na mkono uchoke. Kazi yangu ya maisha yote ndiyo hiyo, na bado imenitoa machozi mbele ya ng'ombe.

Naitwa Minza. Nimeuza uji sokoni Bariadi tangu nikiwa bibi harusi mpaka magoti yaliponigomea. Siku hizi nakaa kwenye kiti cha plastiki barazani na kukosoa. Ninyi mnaouza stendi mmekuwa mkinitumia ujumbe: bibi, kwa nini uji wangu leo mkali, kesho umelala, keshokutwa unanuka soksi? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa kidole hiki kinachogusa herufi mbili kwa wakati mmoja. Nawajibu wote hapa.

Kwanza, acheni ndimu. Nimeonja uji wenu, nimetuma mjukuu aninunulie ili msinione. Mnachemsha uji mtamu halafu mnaukamulia ndimu na kuuita mchachu. Ule ni chai iliyopotea njia. Pili, changanyeni mtama na uwele, maana mtama peke yake una kiburi, unashika kooni. Tatu, maji ya kukorogea yapimeni kwa kiwiko, si kwa kidole, kwa sababu kidole cha mpishi kimeshaungua mpaka hakijui tena moto ni nini. Nne, chungu kisikilizeni. Kikitoa povu kidogo kidogo na sauti ya mtu anayemeza mate, kiko tayari. Kikinyamaza kabisa, kina njaa, kipeni unga.

Aliyenifundisha hayo ni mama mkwe wangu, Bibi Kabula, na hakunifundisha kwa upole. Siku nilipoletwa kwake nimeolewa, alinishika mkono akanipitisha mbele ya mashemeji na mawifi waliokuwa wamejipanga kunipokea, hakunitambulisha kwa hata mmoja, akanipeleka moja kwa moja jikoni. Kulikuwa na chungu kimekaa kwenye kona, kimevaa kipande cha khanga.

"Msalimie," akasema.

Nikaangalia kama kuna mtu nyuma ya chungu. Hakuna.

"Mwangaluka," nikasema, maana ilikuwa asubuhi na sikuwa na salamu nyingine.

Chungu kikatoa povu moja, *blup*.

"Amekuitikia," akasema Bibi Kabula. "Sasa unaweza kukaa kwenye nyumba hii. Wengine utawasalimia baadaye."

Nilicheka moyoni siku ile. Baada ya mwaka nilikuwa nakisalimia chungu bila kuambiwa, na kisipoitikia nakosa raha mpaka mchana. Cheka tu, ila ukiishi na kitu kinachopumua, kinachokula na kinachonuna, utajikuta unakisalimia. Mume wangu Masanja ananuna vilevile na ninamsalimia.

Kabla yangu Bibi Kabula alikuwa na msaidizi, Milembe, mtoto wa ndugu yake, nami nilimkuta. Mikono ya Milembe ilikuwa myepesi kuliko yangu, hilo nakubali kwa shingo upande. Ila Milembe alikuwa mashoto. Bibi Kabula alikoroga kuelekea kulia, na Milembe akishika mwiko uji unazunguka kushoto. Kila siku waligombana. Bibi Kabula alisema uji unapata kizunguzungu. Milembe alisema uji hauna kichwa. Siku moja ilifika mahali Milembe akatupa mwiko chini mbele ya wateja, akaapa hatauonja uji wa Kabula mpaka afe, akaondoka kwenda Mwamapalala, akaolewa huko. Alipoondoka alikuwa amebeba chupa ya soda ndani ya khanga yake. Ndani ya chupa ile kulikuwa na mbegu. Bibi Kabula aliijua ile chupa, akakataza jina la Milembe lisitajwe jikoni kwake, chungu kisije kikasikia.

Sasa nije kwa Kondo, maana bila Kondo ningekuwa sina cha kusimulia. Kondo alikuwa fundi wa pampu idara ya maji, Mzaramo wa Kisarawe aliyehamishiwa kwetu. Mara ya kwanza alipokuja kunywa uji alikunja uso, akaniambia, "Msukuma wee, uji wenu umeharibika." Bibi Kabula alikuwa amekaa pembeni anamenya viazi vitamu vya kukausha michembe. Akamjibu bila kuinua kichwa, "Haujaharibika uji, imeharibika pua yako kwa kula nazi." Kondo akacheka mpaka akamwaga kikombe. Kesho yake akarudi. Hakuacha tena kuja, na kila alipokuja walitukanana, na asipokuja Bibi Kabula alikuwa akiulizia kama kuna pampu imemwangukia.

Ninyi wa siku hizi mnadhani utani ni kurushiana maneno ya mpira. Utani wa Msukuma na Mzaramo ni kazi. Kwenye msiba mtani ana haki yake. Nyumba yote inalia, yeye anaingia anacheka, anamsema marehemu kwamba alikuwa mlafi, anashika kitu cha wafiwa anakwenda nacho, na hakirudi mpaka kikombolewe. Hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Na yeye hana ruhusa ya kulia. Wenzake wote wanalia kwa niaba yake, yeye anacheka kwa niaba yao.

Bibi Kabula alipokaribia kuondoka, watoto wake walimzunguka kitandani wakisubiri neno juu ya mashamba na ng'ombe. Yeye akanitafuta mimi kwa macho. "Minza," akasema, "chungu kisilale njaa." Nikamwambia hakitalala. Hakuongeza neno, na hakukuwa na neno jingine alilonipa. Nataka mlikumbuke hilo, maana wengine watasema nililia kwa ajili ya uji. Nililia kwa sababu niliahidi.

Siku ya mazishi Kondo akaja. Akaingia uani anapiga makofi, akawauliza waombolezaji kwa nini wanalia ilhali mwanamke mwenyewe alikuwa akimpunjia kikombe. Watu wakaanza kucheka huku kamasi zinawatoka. Kisha akapita jikoni. Nilipomwona anatoka, alikuwa amekumbatia chungu.

"Kondo!" nikapiga kelele. "Chukua mbuzi! Chukua sufuria! Mchukue Masanja!"

"Masanja nitampeleka wapi?" akasema. "Huyu ndiye mkubwa wa nyumba. Nitawapeni mkija na jogoo mwekundu, na jogoo mwenyewe aje anawika."

Akakifunga chungu vizuri kwa khanga yake, akakipandisha kwenye bodaboda mbele yake, akamwambia dereva aende taratibu kwa kuwa amebeba mama mjamzito. Nikamkimbilia, nikamshika mguu. "Sikiliza, mtani. Atakula unga kila jioni. Konzi moja, maji ya uvuguvugu." Akaweka mkono kifuani. Akasema, "Minza, nitamlisha kabla sijala mimi." Na nilijua anasema kweli, ndiyo maana nikamwachia mguu.

Jioni ile kwenye kundi la msiba la simu akatutumia picha ya chungu kimevaa miwani ya jua. Chini ameandika: *Ameshakula. Anauliza jogoo yuko wapi.* Masanja akajibu kwamba jogoo mwekundu tuliye naye ni bubu. Kondo akasema atatafuta mwalimu wa kumfundisha. Mpaka shangazi zetu wa Kiloleli, ambao walikuwa hawajaacha kulia tangu wapate habari, wakatuma alama za kicheko. Ndivyo utani unavyotakiwa kwenda.

Asubuhi yake kukawa na pampu imekufa Bukundi, na Kondo akaitwa kazini ghafla. Akapanda gari la idara, akaondoka. Chungu kikabaki na mkewe, Zuhura.

Naomba msimhukumu Zuhura. Mwanamke msafi namna ile sijawahi kuona. Nyumba yake ungeweza kuzalia mtoto sakafuni. Kondo alikuwa na haraka, alimwambia tu, "Hicho ni chungu cha wafiwa, kitunze." Zuhura akafunua khanga, akakuta chungu kimeganda magamba meusi pembeni, na chini kitu cha kijivu kinachochemka bila moto. Akasikitika sana. Akajisemea masikini wafiwa, uchungu umewazidi mpaka wameshindwa kuosha vyombo.

Akakiosha. Alikwangua kwa gamba la nazi, akasugua kwa mchanga, akasugua kwa sabuni ya kufulia, akakisuuza, akakianika juani siku nzima. Halafu, kwa kuwa kwao chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, akakaanga vitumbua, akakijaza mpaka juu, akaja nacho mwenyewe msibani akiwa amekibeba kichwani.

Tulikuwa tumekaa mkekani. Zuhura akatua mzigo, akapiga magoti. "Poleni sana, wenzangu. Kondo na utani wake, mimi nimeona nisisubiri jogoo. Nimewaletea chombo chenu."

Akafunua. Chungu kilikuwa kinang'aa. Sikujua kama rangi yake ilikuwa nyekundu; miaka yote ile nilidhani ni cheusi. Nikaingiza pua. Kikanukia sabuni na iliki.

Ungemwambia nini? Amekuja kwa heri, amepiga magoti, ana majivu ya jiko kwenye kope. Masanja akachukua kitumbua, akakitafuna, machozi yakaanza kumtiririka. Nikachukua changu, nikalia mpaka nikapaliwa. Mawifi wote wakala wakalia. Zuhura akatupigapiga migongoni, akasema, "Lieni, lieni, mama ni mama." Vitumbua vilikuwa vitamu kweli, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Alipoondoka, nikaingia jikoni, nikakitia chungu unga na maji ya uvuguvugu, nikakisalimia. Kimya. Najua kuna mjuaji mmoja kati yenu atasema unga na maji huchacha vyenyewe. Huchacha, mwanangu. Ndiko soksi zinakotokea. Tulingoja, na kilichokuja kilikuwa na povu la kufulia, na Masanja alipokionja akasema sasa utumbo wake unaweza kuanikwa. Chungu cha udongo hunywa kile unachokiwekea. Kilikuwa kimemnywa Bibi Kabula miaka mingi, sasa kilikuwa kimekunywa sabuni.

Siku ya kumaliza msiba ilikuwa inakaribia, siku ambayo watu wote wangekunywa uji wake kwa mara ya mwisho kabla ya kutawanyika. Na mimi nilikuwa nimeahidi. Palibaki mahali pamoja tu penye ile mbegu, napo ni kwa yule ambaye jina lake halitajwi jikoni. Nikapanda bodaboda kwenda Mwamapalala.

Milembe nilimkuta uani anafagia. Amezeeka, mkono wa kushoto bado umeshika ufagio.

"Mwangaluka, Milembe. Mhola?"

"Mhola duhu. Umekuja kuniambia amekufa. Nimeshasikia." Akaendelea kufagia palepale alipokwisha fagia.

Nikamweleza yote, Kondo, bodaboda, sabuni, vitumbua. Nilipofika kwenye vitumbua akaacha kufagia. Akaketi chini, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akawa halii wala hacheki, kitu cha katikati.

"Mayu," nikamwambia, maana kwetu ndivyo anavyoitwa mama, "ile chupa ya soda. Ilikufa?"

"Nani kakwambia ilikufa? Inakula kila siku. Ila mimi siinywi. Niliapa." Akanyanyuka akanionyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba. "Anayeinywa ni Meneja."

Meneja alikuwa dume la ng'ombe la kuvuta plau. Kazee, pembe moja imeinama, meno yote yamekwisha. Majani magumu hayawezi, kwa hiyo kila asubuhi Milembe humkorogea uji mchachu kwenye hori la mti. Halioshwi. Milembe alipoapa, aliapa kwa mdomo wake tu, ng'ombe hakuapa. Hivyo uji wa Bibi Kabula, uji uliokuwa ukinywewa na mahakimu, walimu na wauza pamba, ulikuwa umeishi miaka yote ile ndani ya hori la ng'ombe asiye na meno.

"Naomba nikwangue kidogo," nikasema.

"Mwombe mwenyewe. Hapendi wageni."

Kweli, kila nilipoinamia hori Meneja aliweka kichwa juu yake na kunipulizia puani. Nikaenda upande wa pili, kichwa kikanifuata. Milembe amesimama anatazama, hanisaidii. "Humsalimii?" akasema. "Kabula hakukufundisha?"

Jamani. Mimi mke wa mtu, mfanyabiashara wa mjini, nimevaa nguo za msiba, nikasimama mbele ya ng'ombe nikasema, "Mwangaluka." Meneja akanitazama. Kwenye hori, chini ya kidevu chake, kikasikika kitu. *Blup.*

Hapo ndipo nilipolia, wanangu. Nililia nimeshika pembe iliyoinama, na Meneja akaondoa kichwa, nadhani kwa aibu.

Milembe akachota mbegu, akaitia kwenye chupa ya soda. Nilipoinyooshea mkono akaivuta kwake. "Haiendi bila mimi. Na atakayekoroga ni mimi. Kwa mkono wangu huu."

Basi siku ya kumaliza msiba, mbele ya ukoo wote, Milembe alikoroga uji wa Bibi Kabula, uliolala kwenye chungu kipya, kuelekea kushoto, na mbingu hazikuanguka. Nikagawa kwa kata. Watu wakanywa, halafu mmoja baada ya mwingine wakaanza kusema, "Huyu ndiye." Milembe aliniomba kikombe kwa sauti ndogo. Alisema kiapo kilikuwa mpaka afe, hakusema nani. Akanywa chote.

Kondo alikuwa amerudi kutoka Bukundi, amekaa kwenye jiwe na jogoo wetu mwekundu, fidia yake, mapajani. Alikuwa ameshajua habari ya sabuni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeua. Nikampa kikombe. Nikamwambia ulikopita uji ule, pamoja na hori na Meneja, ili apate la kututukania mwaka mzima. Akanywa. Nikangoja tusi. Akanywa tena, akainamisha kichwa juu ya jogoo, mabega yakaanza kutikisika.

Masanja akasimama. "Mtani analia! Mtani analia msibani! Anatozwa faini!" Watu wakalipuka kwa kicheko, na kicheko kile ndicho kilichotumalizia msiba. Faini yake ilikuwa kumwachia jogoo.

Kondo alipostaafu akarudi kwao Kisarawe na chupa ya soda kwenye begi. Zuhura hatukumwambia kamwe habari ya chungu. Tulikubaliana wote, hata shangazi wa Kiloleli, na wale hawajawahi kunyamazia jambo.

Halafu Kondo akafa. Habari ikanijia kwenye simu, na mimi ndiye mtani. Nikapanda basi na magoti yangu haya. Njia nzima nilikuwa nikitunga matusi. Nilifika uani kwao, nikapiga makofi, nikawauliza kwa nini wanamlilia mtu aliyekuwa akilia kuliko kuku. Wakacheka. Nikaingia jikoni kutafuta kitu cha kuteka.

Jikoni kwa Zuhura kulikuwa kunang'aa, sufuria zimepangwa kwa ukubwa, unajiona ndani yake. Na kwenye kona, juu ya kigoda, kilikaa chungu kimoja kimeganda magamba meusi mpaka mdomoni. Kimevaa kipande cha khanga.

Nilikuwa bado nimeduwaa Zuhura alipoingia. "Hicho usikiguse na maji, mwenzangu," akasema. "Hicho hakioshwi."

Nikageuka kumtazama.

"Unadhani sijui?" akasema. "Watu wazima wamekaa mkekani wanalilia vitumbua vyangu. Nikajiuliza, vimekosa sukari? Nikambana Kondo mpaka akasema. Nilitaka kurudi kuwaomba radhi, akanikataza. Alisema mmenificha kwa upendo, nisiwaharibie." Akaniangalia. "Kila jioni nakipa unga mimi, si yeye. Na asubuhi nakisalimia kwa Kisukuma chenu. Hata sijui maana yake."

Nikainama. "Mwangaluka," nikasema. Kikaitikia.

Nilifanya kazi yangu. Nilikibeba chungu mpaka uani, nikawatangazia Wazaramo kwamba nimemteka mkubwa wa nyumba, na kwamba nataka jogoo mwekundu, aje anawika. Walicheka, wakamleta, akawika. Mimi sikuweza kuendelea. Nililia pale katikati ya uwanja, wakanitoza faini, nikamwachia jogoo wao.

Kisha nikakirudisha chungu jikoni kwa Zuhura. Sikukiosha. Nikakitia konzi ya unga niliyotoka nayo Bariadi, kwa kuwa kwao chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.